Bastola ndogo ya .22: namna ya kuipima kabla ya kuitegemea

Waulize watu wawili wenye bastola ya .22 (namba ya kipenyo cha risasi, kwa inchi) ya aina moja, zilizotoka kiwanda kimoja. Mmoja atakuapia kwamba yake haijawahi kukwama. Mwingine atakuambia yake haimalizi magazini mbili (makasha ya risasi) bila kugoma. Wote wawili wanasema kweli. Uaminifu wa bastola hizi haukai kwenye chuma peke yake. Unakaa kwenye ndoa ya vitu vinne: bastola, magazini, aina ya risasi, na uchafu uliokwisha kujikusanya ndani. Badilisha kimoja tu na una silaha nyingine mkononi. Kwa hiyo usiniulize kama .22 inaaminika. Niambie hii yako, kwa risasi hizi, imepiga ngapi mfululizo bila kukwama. Tangazo la kiwanda halina jibu hilo. Utalipata kwenye daftari lako mwenyewe.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kibali cha silaha yake na mahali halali pa kupigia shabaha. Kama bado hujapata mtu wa kukufundisha misingi ana kwa ana, anza huko kwanza.

Kabla ya yote, ijue risasi yenyewe

Risasi kama ya 9 mm ina fataki yake katikati ya kitako: kikombe kidogo chenye dawa ya kuwashia, kilichotengenezwa peke yake, kikashindiliwa mahali pake. Risasi ya .22 haina kikombe hicho. Kitako chake kina ukingo wenye uwazi kwa ndani. Dawa ya kuwashia huwekwa humo ikiwa mbichi, kisha husambazwa kwa mzunguko wa kasi ili ienee ukingo mzima. Pini ya bastola ikiupiga ukingo, ganda linabonyea, dawa inasagika, na moto unashika baruti. Sasa tuseme kuna sehemu moja ya ukingo ambayo dawa haikufika vizuri, na pini ikapiga hapo hapo. Hupati kitu. Risasi hiyo hiyo ukiizungusha kidogo ili pini ipige upande mwingine, mara nyingi italia.

Hilo ni la kwanza. La pili ni umbo. Risasi ya .22 LR (Long Rifle, ndiyo .22 ya kawaida) ilianza mwaka 1887, na ukingo wake unaojitokeza unafaa sana kwenye rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) na bunduki ya kuingiza risasi moja moja. Kuzipanga kumi kwenye magazini na kuzisukuma juu kwa springi ni kazi nyingine kabisa. Ni ndefu, karibu milimita 25, na nyembamba. Kichwa chake ni madini laini ya risasi matupu yaliyopakwa nta, au yaliyopakwa shaba kwa juu juu tu. Kina unene sawa na ganda na kimeshikwa kidogo mno, hivyo kikigonga vibaya mteremko wa kuingilia chembani (chumba cha nyuma ya mtutu risasi inapokaa) kinapinda au kinalegea.

La tatu ni nguvu. Bastola nyingi ndogo za .22 hazina kufuli ya kushikamanisha slaidi (kipande cha juu kinachoteleza mbele na nyuma) na mtutu. Slaidi inazuiwa na uzito wake na springi tu, na kinachoirudisha nyuma ni risasi yenyewe. Kwa kuwa risasi ni dhaifu, hakuna akiba ya nguvu. Mafuta yaliyoganda, mkono uliolegea, risasi iliyopungukiwa baruti kidogo: kila kimoja kinatosha kuifanya slaidi isifike mwisho wa safari yake.

Ndiyo maana mwaka 1905 John Browning, mbunifu wa silaha wa Marekani, alipoleta .25 ACP, risasi ya bastola ambayo kwa nguvu haipishani sana na .22 kwenye mtutu mfupi, faida yake kubwa ilikuwa fataki ya katikati na kichwa kilichovikwa koti gumu. Haigongi zaidi, ila inaingia, inalia na inatoka kwa uhakika zaidi.

Hatua ya 1: Isafishe kabla ya risasi ya kwanza

Toa magazini. Vuta slaidi, angalia chemba kwa jicho, kisha ingiza ncha ya kidole uhakikishe. Bastola mpya mara nyingi huja na mafuta mazito ya kuzuia kutu, na hayo hayakuwekwa kwa ajili ya kupigia. Yafute. Paka mafuta mepesi kwenye njia za slaidi, tone moja kila upande linatosha. Chemba iache kavu, na tundu la pini pia. Mafuta yakiwa mengi hunasa masizi, yakawa tope.

Kabla hujakoki na kubonyeza triga bila risasi, soma kitabu cha bastola. Katika bastola nyingi za .22, pini isipokutana na ukingo wa risasi hugonga ukingo wa chemba na kuuchimba. Ukishachimbika, risasi haziingii vizuri na maganda hayatoki. Baadhi ya miundo ina kizuizi cha pini na haina shida hiyo, lakini usikisie.

Hatua ya 2: Zipe magazini namba na ujifunze kuzijaza

Andika 1, 2, 3 chini ya kila magazini kwa wino usiofutika. Siku ukiona kwamba kati ya mikwamo saba sita ni ya magazini namba 2, utakuwa umeokoa bastola nzima kulaumiwa bure.

Kujaza ndiko kunakowaangusha wengi. Magazini za .22 huwa na kitufe pembeni cha kushushia springi. Kishawishi ni kukishusha mpaka chini kisha kuzidondosha risasi ndani kama njugu. Usifanye hivyo. Zinalala ovyo, na ukingo wa risasi ya juu unaweza kukaa nyuma ya ukingo wa risasi iliyo chini yake. Slaidi ikija kuisukuma ya juu, inaburuta mbili, nazo zinashikana. Shusha springi kiasi cha risasi moja, weka risasi, hakikisha ukingo wake uko mbele ya ukingo wa ile ya chini, endelea. Ukimaliza, gonga mgongo wa magazini kwenye kiganja mara mbili, kisha itazame kwa pembeni kupitia tundu lake: risasi zipangike kama ngazi, pua zote zikitazama juu kidogo kwa mwelekeo mmoja.

Hatua ya 3: Nunua risasi za aina nne, chache chache

Usianze na debe. Bei ya jumla inavutia, lakini risasi za kumiminwa ndizo zenye tofauti kubwa kati ya moja na nyingine, na ukikuta bastola yako haizipendi umebaki na mzigo. Chukua hamsini hamsini za aina tatu au nne, zote zenye alama ya mwendo kasi. Zile za mwendo wa chini, zilizotengenezwa ziwe kimya au za mashindano, mara nyingi hazina nguvu ya kurudisha slaidi ya bastola ndogo.

Chagua zenye kichwa cha mviringo kilichopakwa shaba. Kichwa hicho kinateleza vizuri na hakiachi nta nyingi chembani. CCI Mini-Mag yenye kichwa cha greni 40 (gramu 2.6), ambayo ipo tangu miaka ya 1960, ni mfano ambao watu wengi huanza nao, na mimi sina sababu ya kuwapinga. Risasi nyepesi za kasi ya kupindukia kama Stinger zina ganda refu kuliko la kawaida, na baadhi ya vitabu vya bastola huzikataza. Soma kwanza.

Hatua ya 4: Siku ya kwanza uwanjani

Miwani na vizuia sauti masikioni, bila mjadala. .22 inaonekana kama kitu cha kuchezea, lakini mlio wake kwenye mtutu mfupi unavuka desibeli 140, na sikio halirudi likishaumia. Nyuma ya shabaha pawe na tuta la kweli. Maboksi ya .22 huonya kwamba kichwa chake kinaweza kusafiri zaidi ya kilomita mbili, na wala si kutia chumvi.

Piga magazini moja moja, aina moja ya risasi mpaka iishe. Kwenye daftari weka safu nne: aina ya risasi, namba ya magazini, risasi ya ngapi tangu usafi wa mwisho, na kilichotokea. Andika hapo hapo. Ukisema utaandika nyumbani, utakumbuka mikwamo mitatu kati ya minane, na yote mitatu utakuwa umeisamehe.

Ikilia "klik" bila mlio, usiitazame ndani na usiifungue upesi. Kaa ukiielekeza kwenye tuta, hesabu sekunde 30, kisha toa risasi. Dawa iliyochelewa inaweza kushika moto baada ya muda. Na ikilia kidogo kuliko kawaida, kama kizibo kilichochomoka, simama kabisa. Inawezekana kichwa kimebaki ndani ya mtutu. Ondoa magazini na risasi zote, kisha hakikisha njia iko wazi kabla ya kupiga nyingine.

Hatua ya 5: Soma ganda

Hapa ndipo watu huruka, na ndipo penye elimu yote. Kila risasi iliyogoma na kila ganda lililokwama, liokote, lishike kwenye mwanga.

Chukua ile isiyolia. Tazama alama ya pini kwenye ukingo. Kama ni shimo la kina, lenye kingo kali, linalofanana na la maganda yaliyolia, basi bastola imefanya kazi yake na kosa ni la risasi. Kama ni mkwaruzo tu, kama ukucha uliobonyezwa kwenye sabuni, lawama iko kwenye bastola: pini imezungukwa na uchafu, springi imechoka, au slaidi haikufunga kabisa na nguvu ya pigo ikaishia kuifunga slaidi badala ya kusaga dawa.

Niliwahi kuwa na bastola iliyopiga vizuri risasi arobaini za kwanza kisha ikaanza "klik" kila baada ya tatu, nne. Nilibadilisha risasi mara mbili nikijua kosa ni lao. Siku moja nikaziweka mezani zile zilizogoma kwa mpangilio wa daftari, na alama za pini zilikuwa zinapungua kina moja baada ya nyingine, kama mtu anayechoka kupiga nyundo. Nilipofungua, chemba ilikuwa na pete nyeusi ya nta na masizi mbele, mahali ganda linapoishia. Risasi zilikuwa zinakomea nywele moja kabla ya kukaa. Slaidi ilionekana imefunga, kumbe bado. Brashi ya shaba ya chemba, dakika mbili, ikapona.

Ganda likisimama wima likibanwa na slaidi, kama bomba la moshi juu ya paa, slaidi haikurudi nyuma vya kutosha au ndoano ya kuchomolea imelishika kwa kulegea. Kabla hujamlaumu fundi, mpe bastola mtu mwenye mshiko imara apige magazini mbili. Ikiacha kukwama, tatizo ni mshiko wako: kifundo kinakunjika na kula ile nguvu kidogo iliyokuwepo.

Ganda likibaki chembani kabisa, kwanza safisha chini ya ukucha wa ndoano kwa kijiti cha mbao. Tope hujificha hapo. Kuna bastola ambazo hazina ndoano kabisa, Beretta 21A ikiwa maarufu kuliko zote: ganda husukumwa nje na mgandamizo wa gesi tu. Risasi isipolia, kuvuta slaidi hakuitoi. Unainua mtutu kwa bawaba yake na kuitoa kwa kidole. Ni muundo wa werevu, lakini ujue hilo kabla ya siku ya shida.

Na pua ikigota kwenye mteremko ikakunjika, rudi hatua ya 2. Kama magazini ilijazwa vizuri na bado inatokea kwa magazini ile ile, midomo yake imepanuka. Itupe, usiikunje kwa koleo.

Hatua ya 6: Chagua aina moja, kisha hesabu mpaka 300

Katika zile aina nne, moja au mbili zitakuwa zimejitenga. Sasa nunua nyingi za hiyo bora, na kama inawezekana ziwe na namba moja ya toleo kwenye boksi.

Watu hupiga risasi 50 bila mkwamo wakatangaza bastola inaaminika. Hesabu haikubaliani nao. Kuna kanuni rahisi ya takwimu: kama umejaribu mara kadhaa na hakuna kosa hata moja, gawanya 3 kwa idadi ya majaribio, na hicho ndicho kiwango cha makosa ambacho bado hujakiondoa kwa uhakika wa asilimia 95. Risasi 50 safi: 3 kwa 50, yaani bado inaweza kuwa inakwama mara sita katika mia. Risasi 300 safi: moja katika mia. Mkwamo ukitokea kwenye ya 212, tafuta sababu, rekebisha, na uanze upya kutoka moja. Inauma. Uzuri wa .22 ni kwamba jaribio hili ni nafuu kuliko kwa risasi nyingine karibu zote.

Hatua ya 7: Itafute inapokomea

Baada ya 300, tafuta mpaka wake wa uchafu. Isafishe, kisha piga bila kusafisha mpaka ianze kugoma, na uandike ilikuwa risasi ya ngapi. Nyingine hufika 400, nyingine hulegea kwenye 80. Namba yoyote utakayopata, ratiba yako ya usafi iwe nusu yake.

Piga pia kwa mkono mmoja, kisha kwa mkono usio wa kazi, magazini mbili kila mmoja. Piga taratibu na piga haraka. Bastola inayofanya kazi pale tu unaposimama kwa utulivu na mikono miwili haijapimwa kwa matumizi ya kujilinda.

Hatua ya 8: Ipe kazi inayoiweza

Sasa unajua ulicho nacho. Kwa mazoezi, mkwamo mmoja katika mia ni usumbufu. Kwa kujilinda, ni jambo jingine, na hapo mimi ni mgumu: kama unaweza kushika na kukoki silaha yenye fataki ya katikati, ichukue hiyo. .22 kutoka mtutu wa sentimita saba hivi hutoa kichwa cha gramu 2.6 chenye juli takriban 100. 9 mm ya kawaida iko karibu na juli 500. Pengo hilo halizibwi kwa ufundi wa maneno.

Lakini wapo wasioweza: viganja vyenye baridi yabisi, mkono uliovunjika ukapona vibaya, mtu ambaye teke la 9 mm linamfanya afumbe macho kabla ya kubonyeza triga. Kwake, risasi nane za .22 zinazokwenda anakotaka zina maana kuliko kubwa zinazokwenda kokote. Kama ni wewe, fikiria rivolva. Risasi ikigoma kwenye rivolva, unabonyeza triga tena na chemba nyingine inakuja, huna haja ya mkono wa pili. Magazini haipo, mteremko haupo, ugomvi wa kingo haupo. Gharama yake ni triga nzito, maana nyundo lazima ipige kwa nguvu kusaga ukingo. Nenda ukaijaribu kwa kidole chako kabla ya kulipa, kwa sababu wale wenye viganja dhaifu ndio hao hao triga hiyo huwashinda. Na usimruhusu fundi alainishe springi ya nyundo ili iwe nyepesi. Utarudi kwenye zile alama za ukucha kwenye sabuni.

Hatua ya 9: Itumie kujifunzia

Hapa .22 haina mpinzani. Teke halipo, kwa hiyo unaona kosa lako lenyewe: mkono unaotangulia mlio, kidole kinachovuta pembeni. Changanya risasi bandia za plastiki kwenye magazini bila kujua iko ya ngapi. Ikija bandia, pua ya mtutu ikainama, umejikamata.

Risasi bandia hizo hizo ndizo za kufanyia zoezi la mkwamo: gonga kitako cha magazini, vuta slaidi mpaka mwisho na uiachie yenyewe, lenga upya. Fanya kwa bandia, kwa makusudi. "Klik" isiyotarajiwa ya risasi halisi uwanjani bado ni sekunde 30 za kusubiri. Changanya mambo haya mawili kichwani na siku moja utafungua chemba mapema mno.

Kitu ambacho .22 haifundishi ni kuidhibiti bastola inayoruka. Funga kila zoezi kwa risasi chache za ile kubwa kama unayo. Kisha nawa mikono na uso kwa sabuni na maji baridi kabla ya kugusa chakula. Vichwa vitupu vya .22, na hata dawa ya ukingoni katika risasi nyingi, huacha madini ya risasi mikononi, nayo ni sumu.

Hatua ya 10: Zile unazokaa nazo

Risasi zilizo ndani ya silaha ya kujilinda huzeeka vibaya kuliko zile za boksini. Kila unapoitoa ya chembani na kuirudisha, pua inachubuka na kichwa kinalegea kwenye ganda. Hakuna kinga kubwa ya mafuta au unyevu kupenya pale ganda linapokutana na kichwa. Iliyowahi kuingia chembani mara mbili, iweke kando. Itikise karibu na sikio, kisha jaribu kuzungusha kichwa kwa vidole: kikicheza, isipigwe. Kila miezi mitatu badilisha zote. Zile za zamani zilizo salama ziwe za kwanza kupigwa siku ya mazoezi, bastola ikiwa na vumbi lake la mfukoni kama ilivyokaa, bila kuifuta kwanza, na matokeo yake yaandikwe kwenye ukurasa wao wenyewe wa daftari.